Mjomba wa Ibra anataka sola ya maji moto, nijiandae vipi?

Swali kwa ufupi: kijana fundi bomba wa Isevya, Tabora mjini, ameshafunga sola za maji moto tatu hapa hapa, mbili za lodge na moja nyumba ya mtu. Mjomba wake yuko Ibra, Oman, kamaliza nyumba ya watu nane na anamtaka aende akamfungie. Anasema: "Shikamoo mzee. Kule jua kali kuliko huku kwahiyo nadhani kazi itakuwa nyepesi, hata paneli ndogo itatosha. Nichukue ya mirija ya vioo au paneli bapa? Na kuna kitu gani cha kule ambacho mimi wa Tabora sikijui?"

Marahaba kijana wangu, mwangaluka. Hapo uliposema kazi itakuwa nyepesi nimecheka, ila sikukucheka wewe, nimejicheka mwenyewe maana na mimi nilipanda ndege na wazo hilo hilo kichwani. Nimefunga hizi hita Oman miaka sita, Muscat, Nizwa, mpaka huko huko Sharqiya kwa mjomba wako, afu ndo nikarudi nyumbani. Sasa kitu cha kwanza ujue, huku Tabora sisi tunapigania joto, mwezi wa sita na wa saba mgeni wa lodge anagonga mapokezi saa kumi na moja alfajiri analalamika maji ya baridi, kazi yako ni kuhakikisha yanapata moto. Kule joto lipo hata usipolitaka. Kazi yako inakuwa kulizuia lisivunje mitambo na lisimuunguze mtu.

Ntakupa mfano niliokutana nao wiki yangu ya kwanza. Ilikuwa Julai, nimetoka kazini mchana, nimeingia bafuni nikafungua koki ya bluu nijimwagie maji ya baridi, nikaruka kama nimekanyaga kaa la moto. Jamaa mmoja wa Pemba tuliyekuwa tunaishi naye akacheka weee, akaniambia fungua nyekundu. Nikaona huyu ananitania. Nikafungua nyekundu, maji yakatoka ya kawaida tu, ya kuogeka. Iko hivi, tenki la maji liko juu ya dari, jua linalipiga kuanzia asubuhi, hiyo ndo "baridi" yao. Hita ya umeme imo ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, kiangazi wanaizima swichi, maji yakikaa mle yanapoa, kwahiyo kwa miezi kama minne hivi nyekundu ndo baridi na bluu ndo moto. Mtu anayeishi hivyo unamfungia sola ya nini mwezi wa saba? Humfungii kwa ajili ya mwezi wa saba. Unamfungia kwa ajili ya Desemba, Januari na Februari, usiku wa Ibra una baridi ya kweli kipindi hicho, bara kule sio kama pwani. Kwahiyo hesabu zote unazipiga kwa Januari, afu unajiuliza Julai hiki nilichofunga kitafanya nini kikikosa mtu wa kukitumia.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Lita moja kuipandisha digrii moja inakula kama wati-saa 1.16. Watu nane mpe tenki la lita 300. Januari chukulia maji yanaingia yakiwa digrii 20 na unayataka yafike 50, hizo ni digrii 30, ukizidisha unapata kama yuniti 10.5, yuniti zile zile unazosoma kwenye LUKU, moja ni wati-saa 1,000. Jua la siku nzuri ya baridi kwenye paneli iliyoelekezwa sawasawa mi huwa nakadiria yuniti 5.5 kwa kila mita ya mraba, paneli inakamata kama nusu yake, basi mita nne za mraba zinakupa yuniti 11. Paneli mbili za mita mbili mbili, bas, umemaliza. Muuzaji wa kule atamwambia mjomba aweke tatu ili awe na uhakika, kataa. Maana chukua hizo hizo mbili uzipeleke Julai, maji yanaingia yameshafika 40 kutoka kwenye tenki la juu, yuniti 11 zile zile zinaongeza digrii 31, jioni uko 70 na ushee, asubuhi yameshuka digrii chache tu na jua linaanza tena kutoka hapo. Siku ya pili au ya tatu bila mtu kuyagusa tenki linakaribia kuchemka. Hapo ni mbili, tatu je?

Dawa yake nusu iko kwenye uelekeo na mteremko wa paneli, na hapa ndo mafundi wengi wa huku wanaharibu wakienda kule. Tabora tupo digrii 5 kusini ya ikweta, jua la Juni na Julai linakaa upande wa kaskazini kwahiyo paneli tunaielekeza kaskazini. We mwenyewe umezoea, na kama hukuwa na dira unatafuta kibla, kibla ya Tabora ni kaskazini imeinamia kidogo mashariki, ukisimama uelekeo wa kuswali kaskazini iko kushoto kwako kidogo tu. Sasa usije ukafika Ibra ukafanya mazoea! Kule wapo kama digrii 23 kaskazini ya ikweta, jua la baridi liko kusini, paneli inatazama KUSINI, na kibla yao ni magharibi, ukisimama kuswali kusini ni mkono wako wa kushoto kabisa. Mteremko usiweke 23 kama vitabu vinavyosema weka sawa na latitudo, we simamisha mpaka 38 au 40. Desemba mchana jua linapita chini, kama digrii 44 tu kutoka kwenye upeo wa macho, paneli ya 40 inalipokea karibu uso kwa uso. Juni jua linapita utosini kabisa na paneli yako iliyosimama inalipokea kwa ubavu, inapoteza karibu robo. Hiyo robo tunaitaka ipotee. Na faida nyingine, vumbi halikai sana kwenye kioo kilichosimama.

Haya, mirija au bapa. Najua mirija inapendwa, bei yake nzuri na inapasha haraka, na kwa nchi za baridi kweli haina mpinzani kwa sababu ule mrija ni chupa ya chai iliyolazwa juani, kioo ndani ya kioo, katikati hewa imenyonywa, joto likiingia halitoki. Soma tena hiyo, joto likiingia halitoki. Jangwani hiyo ni sifa au ni ugonjwa? Mrija mkavu ukikaa juani pale unapita digrii 200. Bapa nzuri, lile boksi pana lenye kioo juu, nayo ikikauka inapanda, 150 na kuendelea, lakini angalau inavujisha joto kupitia kioo chake na ikifika mahali inatulia. Mi kwa Ibra ningefunga bapa bila kufikiria mara mbili.

Na ntakwambia kwanini nina hasira na mirija. Tulikuwa saiti moja kule upande wa Nizwa, kampuni niliyokuwa nayo ilikuwa ya haraka haraka, tumepanga mirija ishirini toka asubuhi, msimamizi yuko chini anapiga simu anataka kazi iishe kabla ya mchana. Saa tano hivi ya asubuhi tenki bado tupu, akapiga kelele fungua maji. Nilijua, moyoni nilijua kabisa, lakini we unajua ukiwa mgeni kwenye nchi ya watu mdomo unakuwa mzito. Nikafungua geti valvu. Zikapita kama sekunde kumi za kimya, nasikia maji yanatambaa ndani ya paipu, afu paa! Afu paa paa! kama bisi kwenye sufuria, vipande vya kioo vinateleza kwenye slebu na mvuke unatoka kwenye matundu. Mirija saba ilipasuka. Aliyekatwa mshahara ni nani, unadhani msimamizi? Toka siku hiyo mimi najaza maji baada ya adhana ya alfajiri, jua halijatoka, hata iwe paneli bapa, na tangu paneli inatoka kwenye boksi mpaka inajaa maji inakaa imefunikwa na lile boksi lake au shuka nzito. Hata hapa Tabora nafanya hivyo hivyo, mafundi wenzangu wananiona mchawi.

Kama mjomba ameshanunua mirija tayari na hairudishwi, sio mwisho wa dunia. Kagua tu kila mrija huku chini kwenye ncha kuna rangi ya fedha inang'aa kama kioo cha kujitazamia, ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa hewa imeshaingia, huo rudisha. Na usifunge yote ishirini, funga kumi na tano, matundu yanayobaki yazibe vizuri. Angalia pia tenki ni la presha au sio la presha, haya ya bei rahisi mengi sio ya presha, yanataka maji yashuke taratibu kutoka tenki la juu na yawe na paipu ya kupumulia iliyo wazi. Ukiliunganisha na pampu ya presha litavimba mpaka lipasuke.

Bapa zinazojiendesha bila pampu unazijua tayari, maji yakipata moto yanakuwa mepesi yanapanda tenkini, ya baridi yanashuka. Ila kumbuka kuacha sentimita 30 hivi kati ya sehemu ya juu ya paneli na kitako cha tenki, usiku mfumo usije ukageuka ukaanza kupoza maji kupitia paneli. Jangwani usiku mbingu safi haina wingu, paneli inapoa haraka kuliko unavyodhani.

Paipu. Hapa fungua macho. Najua huku unamaliza kazi yote na PPR, zile paipu za plastiki za kuchomelea, na PPR ni nzuri, lakini kikomo chake cha kila siku ni kama digrii 70 na jua lenyewe linaila, plastiki inakuwa kavu kama jani la tumbaku. Kutoka paneli kwenda tenki, na mita tatu za kwanza kutoka tenki kushuka, weka kopa, yaani paipu ya shaba. Huko chini ndani ya kuta mjomba najua ameshapitisha PPR, sawa, endelea nayo ila iwe ile ya ukuta mnene yenye alumini ndani. PVC ya gundi usiiguse kabisa kwa maji moto, ikifika 60 inalegea. Na uache nafasi ya kutanuka, mita kumi za PPR ya kawaida zikipanda digrii 50 zinarefuka karibu sentimita saba na nusu, kopa haifiki hata moja, ukiibana kwa klipu kila mahali itajikunja kama nyoka au itang'oa elbo. Ile sponji nyeusi ya kuvisha paipu wengi wanaiacha uchi, kule baada ya misimu miwili inamomonyoka kama mkate mkavu, lazima uivike bati jembamba la alumini juu yake. Hiyo gharama mjomba ataibishia, we shikilia.

Sasa seftivalvu, na hapa sitanii. Tenki la presha lazima liwe na valvu inayofunguka kwa presha NA kwa joto, ile inayoachia karibu digrii 99. Kiangazi itadondosha maji mara kwa mara, ndo kazi yake. Paipu yake ya kumwagia iende mpaka chini mahali salama, isielekezwe njia ya kupita watu, isiwekewe koki, isizibwe. Nilishakuta lodge moja hapa hapa kwetu, sisemi ipi, valvu ilikuwa inadondosha jamaa akaona maji yanapotea, akachukua boliti akaiziba kwa tepu vizuri kabisa, kazi safi. Nilivyoiona nikateremka ngazi taratibu bila kusema neno, nikafunika paneli kwanza ndo nikaanza kugomba. Lile ni bomu, kijana wangu. Pamoja na hiyo weka valvu ya kuchanganya karibu na tenki, iliyosetiwa 45 mpaka 50, maji ya digrii 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, sembuse mtoto au bibi. Huku tunairuka kwa sababu ya bei, kule hairukwi.

Maji yenyewe muulize mjomba yanatoka wapi. Kama ni ya serikali ya kutoka baharini yaliyochujwa chumvi, poa. Kama ni kisima au falaji, ile mifereji yao ya jadi, yale yana chokaa, na chokaa inaganda zaidi maji yakipita digrii 60, inaziba vile vimirija vyembamba vya ndani ya paneli kimya kimya mpaka siku paneli ina moto wa kuungua na tenki la baridi. Kipimo cha bure, mwambie akupigie picha ndani ya birika lake la umeme. Ukiona ukoko mweupe kama wa wali chini, nunua mfumo wa mzunguko wa ndani uliofungwa, ambapo maji ya paneli yanazunguka peke yake na kupasha yale ya kuogea kupitia ukuta wa tenki, hayachanganyiki. Na fimbo ya magnesiamu ndani ya tenki aikague kila mwaka, ile inaliwa na kutu badala ya tenki, ikiisha tenki linafuata.

Usimng'olee ile hita yake ya umeme ya ndani. Iunganishe iwe nyuma ya sola, uweke koki za kuchepusha, baridi maji ya sola yanapita ndani yake na siku ya mawingu anawasha umeme kidogo, kiangazi anaifunika paneli, anaichepusha sola na kurudi kwenye ule mchezo wao wa nyekundu na bluu. Ila akirudisha sola Novemba aache kwanza tenki lipande lipite 60 kisha amwage maji ya zamani kwenye koki zote, kuna bakteria anaitwa Legionella anapenda sana maji ya uvuguvugu yaliyolala, kati ya 20 na 45, na anaingia mapafuni na vile vitone vidogo vya maji ya shawa. Waya za umeme zenyewe mwachie fundi wa kule mwenye leseni yake, usijitie.

Dari ya kule ni raha kwa fundi wa Tabora aliyezoea bati na kenchi. Hapa tenki la lita 300 nalipandisha mnara wa mninga au wa chuma pembeni ya nyumba kwa sababu kenchi zetu zingelia, pale unakuta slebu tambarare. Lakini usitoboe! Juu ya ile slebu kuna lami ya kuzuia maji, ukipiga drili umemfungulia mjomba mvua sebuleni, na mvua yao ni chache lakini ikija inakuja na mafuriko. Mimina vitalu vya zege, fremu ikae juu ya vitalu, uzito wa tenki ukae juu ya bimu au nguzo, maji peke yake ni kilo 300. Upepo wa jangwani usiudharau, paneli ya digrii 40 ni tanga la jahazi. Angalia pia kivuli cha parapeti, ule ukuta mfupi wa ukingoni juu ya slebu, na cha dishi, kivuli cha Januari ni kirefu, usipime kwa macho siku uliyofika.

Vumbi atasafisha mwenyewe kwa kitambaa na maji, alfajiri au baada ya magharibi, kioo cha moto hakimwagiwi maji ya baridi, umeshasikia hadithi yangu. Na asione ni uvivu wa fundi, hata wakubwa wanalikimbia vumbi, kule Amal kusini mwa Oman kuna mradi wa Miraah wa kutengeneza mvuke wa kusaidia kutoa mafuta ardhini, vioo vyao vyote vya kukusanyia jua wameviingiza ndani ya nyumba za vioo ili mchanga na upepo visivifikie, na juu ya paa wameweka mashine za kuosha.

We nenda Novemba. Kuanzia Juni mpaka Agosti hata sheria yao inakataza kazi za nje saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, na spana ukiiacha juani dakika kumi huishiki tena bila glavu. Mashine yako ya kuchomea PPR beba, umeme wao na plagi ni kama zetu, na asali usisahau, mjomba hatakusamehe.

Jambo moja uliulize kabla hujanunua chochote, familia huwa inasafiri lini? Maana najua hawa ndugu zetu, shule zikifungwa Julai wanakuja Tabora wiki sita kukimbia joto, na wiki hizo sita ndo nyumba haina hata mtu mmoja wa kufungua koki huku paneli inachemka peke yake. Kwahiyo ukishafunga, pima paneli zote mbili, kamshonee turubai nyeupe yenye matundu ya kamba pembeni, umfundishe mtoto mkubwa wa nyumba kuifunga, na umwonyeshe mjomba inapokaa, kwenye kona ya ngazi ya kupandia juu, waione kabla hawajafunga mlango kwenda uwanja wa ndege.